Hodi kwa Mia Mbili Kumi na Nne

Mambo yalianza na mstari mmoja tu kwenye kioo cha kompyuta, na kama Waya angekuwa mvivu kama mafundi wengine ninaowajua mimi, asingeuona kabisa. Lakini hakuwa mvivu. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alipitia orodha ya simu zote za ofisi ya maji, moja moja, na asubuhi hiyo namba 214 ilikuwa imesema ipo.

Ngoja nieleze hapo, maana si wote mnaoijua kazi hii. Simu za ofisi siku hizi hazipiti kwenye nyaya za zamani, zinapita kwenye mtandao, na kila simu iliyo mezani hutakiwa kila saa itume neno kwa mtambo mkuu: nipo. Isiposema nipo, mtambo unaisahau. Sasa hiyo 214 ilikuwa simu ya meza ya pili, huduma kwa wateja, na Waya ndiye aliyeichomoa kwa mikono yake, akaitia kwenye boksi na kuifungia kabatini. Ilikuwa simu ya mkewe. Na mkewe alikuwa amezikwa siku hamsini na mbili zilizopita.

Alikwenda kabatini. Boksi lilikuwa palepale, utepe wake haujaguswa. Alipoukata, harufu ilimpiga usoni: mafuta ya nywele ya mkewe, yaleyale, na chini yake harufu nyingine, ya udongo mbichi uliochimbuliwa. Akaishika simu. Haikuwa na waya wa umeme wala wa mtandao, lakini mkono wa kusikilizia ulikuwa na joto, kana kwamba mtu ameuweka chini sasa hivi.

"Waya, unanusa simu?" Alikuwa msimamizi wa wapokea simu, mama mmoja mpana wa umbo na wa utani, amesimama mlangoni na kikombe chake. "Hata chai hujanywa, umeshaanza vituko?"

Waya hakucheka. Msimamizi akaitazama ile simu, kisha akashusha sauti. "Hiyo si ya Kinanda?"

"Ndiyo."

"Si ulisema namba yake umeshaifuta?"

Waya aliirudisha simu ndani ya boksi, na yule mama akaelewa. Aliweka kikombe chini taratibu, akaondoka.

Kinanda ni jina alilopewa mkewe na wateja wenyewe. Mtu anapiga simu amefura, bomba limepasuka, maji yamejaa sebuleni, ana matusi tele mdomoni. Akimsikia yeye, anapoa. Alikuwa na tabia moja: kabla ya kusema haloo alivuta pumzi fupi, na ndani ya ile pumzi kulikuwa na kicheko kidogo, kama mtu aliyekutwa katikati ya mzaha. Waya alimpendea hicho kicheko kabla hajamwona sura.

Sheria ya ofisi ilisema mtu akiondoka, kwa kuhama au kwa kufa, namba yake ifutwe siku hiyohiyo. Waya mwenyewe ndiye aliyeiandika na kuibandika ukutani. Naye ndiye aliyeivunja, kwa sababu ndani ya namba 214 kulikuwa na salamu ya mkewe, ile inayosikika mtu asipopokelewa: "Haloo, huduma kwa wateja, meza ya pili. Nimetoka kidogo tu. Acha jina lako na mtaa wako, nikirudi nitakupigia." Walikuwa wameirekodi pamoja, yeye akimtania pembeni, ndiyo maana ile pumzi yenye kicheko ilikuwa wazi mno. Basi kila siku, wenzake wakienda kula, Waya alijifungia chumba cha mitambo, akapiga 214, akasikiliza. Nimetoka kidogo tu. Nikirudi nitakupigia. Siku hamsini na mbili, bila kukosa hata moja.

Na hakuwa na mtu wa kumwambia kilichokuwa kinamla. Asubuhi ile ya mwisho waligombana kwa jambo la kipuuzi, komeo la mlango wa bafu. Lilikuwa bovu mwezi mzima. "Fundi wa watu wote, kwako huonekani," Kinanda alimwambia. Waya akatoka bila kuaga. Saa tisa na dakika kumi alasiri Kinanda alimpigia kutoka meza ya pili. Waya aliona 214 inawaka kwenye simu yake, akakumbuka komeo, akabonyeza kitufe cha kukataa. Dakika nne baadaye walimkuta mkewe ameinamia meza, mshipa wa kichwani umepasuka. Alikuwa anataka kumwambia nini? Mtambo unaandika kila kitu, na Waya alikuwa ameichapa ile karatasi, anatembea nayo mfukoni. Mistari mitatu tu: hodi, anaitwa, nina shughuli.

Maneno ya hodi yalikuwa yake mwenyewe. Ndivyo alivyowafundisha wafanyakazi wapya. "Simu ina adabu," angewaambia. "Kabla hujasikia sauti ya mtu, mitambo imeshasalimiana. Huyu anapiga hodi. Yule anasema ngoja, namwita. Mwenyewe akinyanyua, anasema karibu. Na aliyepiga hodi lazima aitike, ahsante, nimeingia. Hapo ndipo sauti inapita. Mkimaliza, mmoja anasema kwaheri na mwenzake anaitikia. Asipoitikia, mlango umebaki wazi." Kinanda alikuwa akimcheka kutoka meza ya pili: "Haya mwalimu, na wewe ujifunze kuaga basi!"

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema. Shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, aliyehamia kwao kusaidia kulea, alimngoja nje ya mlango, mikono imeshikana.

"Shemeji, nilikuwa sitaki kukuongezea," alinong'ona. "Lakini mtoto hali. Leo siku ya nne. Ukimlazimisha anatema."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anaongea na simu." Akatazama nyuma yake. "Ile ya kazini kwako, pale rafuni. Kila siku akitoka shule, saa tisa na kitu, inalia. Mimi nikinyanyua, kimya. Akinyanyua yeye, anaongea mpaka koo linakauka. Nikamuuliza, nani huyo? Akaniambia, mama mkubwa, si mama!"

Mtoto huyo, wa miaka saba, walimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na hakupumzika tena. Waya alimkuta amekaa kwenye mkeka, ameitazama simu ya rafuni, simu ambayo ofisi ilimpa fundi wao aipokee hata akiwa nyumbani. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Hakumkimbilia baba yake.

"Chiriku wangu. Mama yako amesemaje?"

"Amesema nisile. Chakula kipo huko." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Amesema kesho anakuja kunichukua. Atapiga hodi mlangoni, mimi niseme karibu. Tena niseme mimi, si wewe wala mama mkubwa."

Waya alitazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika tisa. Aliiendea simu, akachomoa waya wa mtandao, akachomoa na wa umeme, akavishika vyote viwili mkononi ili ahakikishe. Dakika ikageuka. Simu ikalia.

Kioo chake kilikuwa giza, ila kwenye lile giza kulikuwa na tarakimu tatu. Akanyanyua.

"Haloo," ilisema sauti ya mkewe.

Naye akaitika. Jamani, tusimcheke. Nani kati yetu amezika mtu wake, akaitwa naye, asilegee? Alijikuta amekaa sakafuni, machozi yanamtiririka, anasema jina la mkewe la ndani, lile ambalo hata shemeji hakulijua.

"Ulitaka kuniambia nini?" aliuliza. "Siku ile uliponipigia. Nilikukatia. Ulitaka kuniambia nini?"

"Nitakuambia mume wangu nitakuambia yote nilikuwa nimeinama pale mezani kichwa kinaniuma naona giza namba pekee niliyoikumbuka ni yako nikapiga nikasikia inaita nikasema sasa atapokea atapokea nina neno moja tu la kumwambia na hilo neno ninalo hapa mdomoni mpaka leo halijakauka nitakupa wewe mwenyewe ulisikie kwanza mpe mtoto simu mpe mtoto simu mpe mtoto simu."

Hapo ndipo nywele zilipomsimama. Ile sauti ilisema maneno yote hayo kwa mkupuo, mwanzo hadi mwisho, pasipo kutua, na Waya, ambaye kazi yake ni kusikiliza laini, aligundua kilichokosekana. Haloo ile haikuwa na kicheko. Haikuwa na pumzi. Nyuma ya maneno hakukuwa na kifua.

Akaiweka simu chini. Mtoto alimwangalia kwa chuki ambayo hakuwahi kuiona usoni pake.

Yule msimamizi wa wapokea simu ndiye aliyempa Waya jina la mganga, kwa simu ya mkononi, kwa mnong'ono. Bibi Kamba. Zamani alikuwa mpokea simu enzi za mitambo ya kamba, kamba unachomeka hapa na pale kuunganisha watu. Alipostaafu alishika uganga wa bibi yake. Waya alimkuta kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule, anashona kifungo, miwani kwenye ncha ya pua. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Umempigia mara ngapi?" aliuliza.

"Mke wangu? Kila siku. Siku hamsini na mbili."

"Mkeo hukumpigia. Mkeo amekufa, mwanangu, pole sana. Wewe umepiga hodi kwenye nyumba tupu siku hamsini na mbili." Akakata uzi kwa meno. "Unadhani huko nje hakuna wapita njia? Mtu anapita, anasikia hodi, hodi, hodi. Siku moja si ataingia aseme karibu? Na wewe ulipomsikia ukafanya nini? Ukaitika. Ukasema nimeingia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini nakupa hivyohivyo, kwa sababu una mtoto."

"Ni jini?"

"Basi unataka nimwite nani, mteja? Ni jini. Ameokota sauti aliyoikuta ndani ya hiyo namba, ameivaa. Sauti anaweza kuiba, pumzi hawezi, hajapewa." Akaweka nguo chini, na kwa mara ya kwanza akamtazama. "Kesho akipiga hodi mlangoni, mtoto akasema karibu, usinifuate tena, maana sitakuwa na la kukusaidia. Aliyepiga hodi ndiye anayeaga. Umwambie kwaheri, na yeye aitikie. Asipoitikia, yumo. Na hataitikia akiwa bado ana sauti ya kuvaa."

"Nifute salamu."

"Ufute salamu, ufute namba. Na nakala zote."

"Sina naka..."

"Fundi," Bibi Kamba alisema kwa upole. "Na ile ya mfukoni."

Waya aliinama. Kwenye simu yake ya mkononi kulikuwa na nakala, ameihifadhi siku ya maziko. Haikubaki sauti nyingine ya mkewe popote duniani. Kinanda hakupenda kurekodiwa. Hata ile salamu alibembelezwa.

"Hakuna njia nyingine, bibi?"

"Ingekuwepo ningeitumia mimi," alisema yule bibi, akavua miwani na kuifuta. "Nami niliwahi kuwa na mume."

Kesho yake saa tisa kasoro Waya alikaa mezani sebuleni, kompyuta ya kazini mbele yake, imeunganishwa na mtambo mkuu. Simu ya rafuni ilikuwa kushoto, ya mkononi kulia. Shemeji alikaa kwenye mkeka amempakata Chiriku, mikono imemzunguka kifuani. Nje kulikuwa na jua kali, na watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira. Saa tisa na dakika tisa kelele za mpira zikakatika. Harufu ya mafuta ya nywele ikaingia chini ya mlango, ikifuatwa na ile ya udongo.

Simu ikalia. Waya akanyanyua.

"Haloo."

Papo hapo, kwenye mlango wa mbele, vidole vikagonga mara tatu. "Hodi," ilisema sauti ya Kinanda upande wa pili wa mbao. "Chiriku, hodi mwanangu."

"Mama!" Mtoto alijirusha. Shemeji alimbana, naye akamng'ata mkono. "Mama mkubwa niache, ni mama, niache!"

"Shemeji usimwachie! Mzibe mdomo!"

"Ananing'ata!" Alikuwa analia waziwazi, damu inamtoka mkononi. "Nisamehe mdogo wangu, siwezi kukufungulia."

Waya alibonyeza. Kwenye kioo ukatokea mstari: kwaheri, imetumwa. Haikujibiwa. Sasa mtambo, kwa taratibu zake, ukiaga usijibiwe, huaga tena, na tena, mara kumi na moja ndani ya nusu dakika, kisha hukata tamaa na kuhesabu kwamba yameisha, hata kama hayajaisha. Kwaheri ya pili. Ya tatu. Alifungua salamu ya 214 na kidole chake kikasimama juu ya kitufe, na kwenye sikio lake ile sauti ikaanza kusema haraka, bila kutua, bila kupumua, mume wangu usinifute neno lenyewe ninalo nilitaka kukuambia siku ile usilie sana nilitaka kukuambia kwamba komeo la bafu kwamba sikuwa na hasira tena kwamba nilikuwa nacheka pale mezani nacheka peke yangu ukinifuta hutajua maisha yako yote hutajua kama nilikusamehe au sikukusamehe utazeeka hujui utakufa hujui nipe dakika moja mpe mtoto aseme karibu nami nitasema, na Waya alitaka kujua, Mungu wangu jinsi alivyotaka kujua, angetoa macho yake mawili ajue, na kwaheri ya sita ikatoka haikujibiwa, na pale mkekani mtoto wake alikuwa ameuondoa mdomo kwenye kiganja cha mama mkubwa na kusema "Ka", "Kari", na Waya akabonyeza.

Salamu ikafutika. Sauti ya kwenye simu ilikwaruza, maneno yakaanza kukatika. Mlangoni vidole vikawa vinagonga kwa nguvu, komeo linatetema. Kwaheri ya nane. Akavuta simu ya mkononi, akaitafuta ile nakala. Ya tisa. Hakuisikiliza mara ya mwisho, maana alijua akiisikiliza hataweza. "Kwaheri, mke wangu," alisema kwa mdomo wake mwenyewe, neno alilomnyima asubuhi ile, akaifuta.

Kwenye simu kulibaki mvumo tu, kama upepo kwenye bomba tupu. Kwaheri ya kumi. Kisha, kwenye kioo, mstari mmoja: imeitikiwa.

Waya akaifuta namba 214. Nje mtoto wa jirani akapiga kelele, "Goli!" Harufu ikaondoka. Chiriku alilegea mikononi mwa mama mkubwa wake, akalia kilio cha mtoto wa kawaida, kirefu, chenye kwikwi, na alipomaliza akasema ana njaa. Wakampa wali wa jana. Alikula sahani mbili, na watu wazima wawili wakakaa wanamwangalia kila tonge.

Baada ya hapo mambo yalitulia. Waya alitengeneza komeo la bafu. Ile karatasi ya mistari mitatu aliichana, vipande akavitia kwenye pipa la takataka la ofisini. Mashavu ya mtoto yalirudi, na maneno yake nayo yakarudi, mpaka mwalimu wake akatuma ujumbe kulalamika. Shemeji alibaki na alama za meno kwenye mkono na hakuwahi kumwonyesha mtoto.

Miezi mitano ilipita. Jumapili moja asubuhi, Waya anamsuka Chiriku nywele, vibaya kama kawaida yake, mtoto akauliza, "Baba, mama alikuwa anasemaje haloo?"

"Si unajua."

"Nimesahau. Nisemee."

Waya alitabasamu. Alikuwa hajaijaribu tangu siku ile, lakini aliisikia mara elfu, ilikuwa ndani ya mifupa yake. Akaacha kusuka. Akasema, "Haloo, huduma kwa wateja, meza ya pili, nimetoka kidogo tu, acha jina lako na mtaa wako, nikirudi nitakupigia."

Shemeji, aliyekuwa anaosha vyombo, aliacha bomba linatiririka. Mtoto aligeuka polepole, kitana kikining'inia kwenye nywele.

"Siyo hiyo, baba," alisema. "Huyo ni yule mwingine."

Waya alijaribu tena. Alitafuta ile pumzi fupi, kile kicheko kabla ya neno, alijua vilikuwepo, angeweza kuapa kwamba vilikuwepo, lakini kila alipofungua mdomo ilitoka ileile, nyororo, kwa mkupuo, mpaka mwisho, na alipomaliza hakuwa amehitaji kuvuta hewa.

"Jaribu tena," Chiriku alisema, na midomo ikaanza kumtetemeka. "Baba, jaribu tena."